Mbona Leo Mmeshusha Bei?

Hilo ndilo swali ninalolisikia kila wiki kwenye yadi yetu ya kununua taka hapa Kariobangi, Nairobi, na mzoaji anayeliuliza ana haki ya kujibiwa. Ameamka alfajiri, amepita Umoja na Buruburu kabla lori la taka halijafika, amebeba gunia mgongoni mpaka huku, na bei aliyoiacha juzi haikuti. Chupa ni zile zile, mizani ni ile ile. Kilichobadilika hakionekani pale uani, na asipoelezwa ataondoka akiamini kwamba tumemla. Mara nyingine huwa ameliwa kweli, na hilo nitalifikia. Lakini mara nyingi zaidi bei imeshukia mbali, mahali ambapo mimi na yeye hatutawahi kukanyaga.

Mimi ni mnunuzi wa kati. Nilianza kwa kuchambua chupa katika yadi ya mtu mwingine, nikaja kupewa mizani niisimamie, na baadaye mimi na wenzangu tukakodi uga wetu. Tunanunua kwa wazoaji wanaotoka jaa la Dandora, Korogocho, Huruma na mitaa ya karibu: chupa za maji, mitungi, katoni, chuma, alumini, na kopa, yaani shaba. Tunawauzia wenye mashine za kusaga, na viwanda vya Baba Dogo na Industrial Area. Jaa lenyewe limekuwepo tangu miaka ya sabini, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na hadi leo malori bado yanapanga foleni kulimwagia. Mtu akiona mlima ule hudhani mali ni nyingi hivyo bei lazima iwe duni siku zote. Sivyo inavyokwenda. Kukaa katikati kumenifunza jambo ambalo ningependa kila mzoaji alijue: bei ya taka haitoki kwenye taka. Inatoka kwa yule anayeihitaji, na hasa kwenye kile kitu kingine ambacho angeweza kununua badala yake.

Corona ndiyo iliyonionyesha hili wazi. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha kafyu ilikuwa imeanza, baa na hoteli zimefungwa, harusi zimesimama, mikutano imehamia kwenye simu. Chupa za maji zikaadimika. Waliozoea kuzoa katikati ya jiji walirudi na magunia nusu. Sote pale yadini tuliijua kanuni ya soko kama tulivyoisikia tangu utotoni, kwamba kitu kikiadimika hupanda bei, basi tukangoja ipande. Haikupanda. Ilishuka, ikashuka tena, na zikaja wiki ambazo msagaji wetu alisema hazitaki hata kwa mkopo kwa sababu hana pa kupeleka chenga, yaani vipande vya chupa zilizosagwa.

Sababu ilikuwa mafuta. Plastiki ya chupa hizi hutengenezwa kwa kemikali zinazotokana na mafuta ya petroli na gesi. Mwenye kiwanda cha nyuzi za poliesta au cha vyombo ana njia mbili. Anaweza kununua tembe za plastiki mpya kabisa, safi, za rangi moja, zilizofungwa kwenye mifuko. Au anaweza kununua chenga zilizosagwa kutokana na chupa zetu, ambazo lazima zioshwe, zikaushwe, zichambuliwe, na ambazo hata baada ya hayo yote hazikosi kifuniko kilichopenya au kipande cha lebo. Anachukua zetu kwa sababu moja kubwa: ni nafuu kuliko mpya. Nafuu hiyo ikiondoka, naye anaondoka. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mafuta ghafi ya Marekani ilishuka chini ya sifuri kwa mara ya kwanza, maana yake waliokuwa na mikataba walikuwa wanalipa ili wapate mtu wa kuwaondolea mafuta hayo. Tembe mpya nazo zikawa rahisi. Uhaba wa chupa Nairobi ukawa hauna uzito wowote kwa mtu ambaye hakuwa akizihitaji tena.

Na wakati huo huo wazoaji waliongezeka. Hilo ndilo lililoniuma. Walikuja vijana wa mjengo ambao kazi zao zilisimama, akina mama waliokuwa wakifua nguo Eastleigh na sasa hawaruhusiwi kuingia kwenye nyumba za watu. Alikuja kijana mmoja aliyekuwa mhudumu wa hoteli. Chupa zake alikuwa ameziosha, amebandua lebo moja moja, amezikanyaga zikawa bapa na kuzipanga ndani ya gunia kama anayeandaa meza. Niliweka gunia kwenye mizani, nikamtajia pesa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa heshima, "Mama, hii ndiyo bei yenyewe, au ni kwa sababu mimi ni mgeni hapa?" Nikamwonyesha ujumbe wa msagaji kwenye simu. Akausoma mara mbili, akasema asante, akapokea.

Katika biashara nyingi mtu huingia kwa sababu bei ni nzuri. Katika hii, wengi huingia kwa sababu kwingine kumefungwa. Ndiyo maana wanaoleta mali huongezeka miaka ile mibaya, wakati viwanda navyo vimepunguza kununua, na bei inabanwa kutoka pande zote mbili. Nimewahi kusikia watu waliosoma wakisema kwamba bei ikishuka sana wazoaji wataacha, mali itapungua na bei itajirekebisha yenyewe. Waende wapi? Anayezoa kwa ajili ya unga wa jioni, bei ikishuka, hazoi kidogo. Anazoa zaidi, anaanza mapema zaidi, anamchukua na mtoto, ili afikishe pesa ile ile. Nimewaona wakifanya hivyo, na kila gunia wanaloongeza linazidi kuishusha bei wanayoilalamikia.

Kwa upande wa pili, bei nzuri haileti chupa nyingi mpya. Mkulima wa sukuma wiki akiona bei imepanda huongeza vitalu, lakini hakuna mtu Nairobi anayekunywa maji zaidi ya kiu yake kwa kuwa chupa tupu imepanda. Chupa hufuata jua. Januari hadi Machi kuna joto, vibanda vinauza soda na maji, magunia yanajaa. Julai na Agosti baridi inaingia na magunia yanalegea. Hufuata pia siasa: kampeni za 2017 na 2022 zilituletea chupa kutoka kwenye mikutano ya hadhara kwa wingi ambao hatukuuzoea, na bei ikalegea kwa wiki kadhaa. Bei ikipanda, kinachoongezeka ni juhudi ya kuzitafuta. Zile zilizokuwa zikiachwa mtoni, kwenye mitaro ya Mathare, chini ya daraja, zinafuatwa. Ukitaka kujua kama bei ya plastiki iko juu au chini, nenda katazame Mto Nairobi pale unapopita Gikomba na Korogocho.

Mambo yaligeuka baadaye. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, pipa la mafuta lilipita dola 120, na tembe mpya zikapanda nazo. Wanunuzi ambao hapo awali hawakupokea simu zetu wakaja wenyewe yadini, na lori, na pesa taslimu. Tulilipa vizuri kwa muda. Mama mmoja wa Korogocho aliyekuwa akileta chupa kwa miaka mingi alinunua mkokoteni wake mwenyewe wakati ule, akaacha kulipia wa kukodi. Chupa alizokuwa akileta hazikuwa bora kuliko za 2020. Hata zilikuwa chafu zaidi kuliko za yule kijana wa hoteli.

Kuna nguvu nyingine inayopita juu ya vichwa vya wazoaji bila wao kuambiwa, nayo ni dola. Wasagaji wakubwa huuza chenga nje ya nchi, na hulipwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Msagaji aliyepata dola zile zile kama mwaka uliotangulia alirudi na shilingi nyingi zaidi mfukoni, kwa hiyo aliweza kutuongezea kidogo bila kuumia. Kisha, kuanzia Februari, shilingi ikapata nguvu ghafla, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa kama shilingi 131. Nchi ilifurahi, na ilikuwa na sababu, kwa kuwa mafuta na bidhaa za nje zilipungua bei. Lakini kwetu msagaji alipiga simu asubuhi moja akakata bei, na hakuna aliyeweza kumbishia. Siku hiyo nilitumia muda mrefu uani nikieleza jinsi jambo linaloisaidia nchi linavyoweza kumpunguzia mzoaji wa Dandora shilingi mbili kwa kilo. Shilingi mbili kwa mtu anayeleta kilo 40 ni shilingi 80, na 80 ni unga na sukuma.

Kopa ni habari nyingine kabisa. Chupa hupimwa kwa shilingi chache kwa kilo, chuma kwa makumi, kopa kwa mamia. Bei yake husomwa kila siku kwenye soko la metali la London, na mabroka wa Gikomba wanaifuata kwenye simu kama wengine wanavyofuata matokeo ya mpira. Nusu na zaidi ya kopa yote duniani hutumika China, kwa hiyo viwanda vya kule vikinunua kwa pupa, mtu anayevua waya wa redio mbovu Kariobangi anapata zaidi. Mei 2021 tani moja ilikuwa imevuka dola 10,000 na kuweka rekodi ya wakati huo. Kopa haiozi, haipati unyevu, haijazi chumba. Namfahamu mama ambaye kila akipata nyaya anazivua maganda kwa kisu, bila kuzichoma, anaziweka kwenye mkebe wa maziwa chini ya kitanda, na kuziuza tu wakati wa karo. Kuvua badala ya kuchoma kunachosha vidole, lakini kopa iliyochomwa hubadilika rangi na kuwa na masizi, na mnunuzi huikata bei. Tena moshi wa maganda yale ni sumu, na wanaouvuta ni watoto wa jirani.

Bei ikipanda namna hiyo, wizi nao hupanda. Tarehe 11 Januari 2022 taa zilizimika karibu nchi nzima baada ya minara ya umeme kuanguka, na serikali ikasema vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu. Sheria ya chuma chakavu ilikuwepo tangu 2015, lakini sasa mizani zilifungwa kabisa mpaka Mei, biashara iliporuhusiwa tena kwa masharti ya leseni na ukaguzi. Sitetei wezi wa nyaya. Anayeangusha mnara wa umeme anazima mashine ya hospitali, na nimewafukuza yadini watu walioniletea mali ya namna hiyo. Lakini nataka isemwe kilichotokea chini kabisa. Wazoaji wa vikopo, vipande vya mabati na sufuria zilizotoboka hawakulala nyumbani miezi ile. Walihamia kwenye plastiki na katoni. Ghafla niliona nyuso za wazee wa chuma zikija na magunia ya chupa, na wazoaji wa chupa wakawalalamikia kwamba wamewavamia. Marufuku ya chuma ikaminya pato la watu ambao hawakuwahi kugusa chuma. Soko la taka halina kuta kati ya bidhaa na bidhaa, kwa sababu mikono inayozoa ni ile ile.

Alumini inastahili neno zuri, kwa sababu ndiyo mali ambayo wateja wake nawaona kwa macho. Mafundi wa jua kali huiyeyusha na kuimwaga kwenye kalibu za mchanga wakapata sufuria nzito zinazopikia watu wengi. Kabla ya Desemba, watu wakijiandaa kwenda mashambani na kufanya sherehe, mafundi hawa huja wenyewe wakitafuta injini mbovu na vipande vya madirisha. Hakuna London wala dola katika mazungumzo hayo. Ni fundi, oda yake, na mimi. Bei inakuwa ya kibinadamu, tunaelewana, na akikwama ananilipa sehemu kwa sufuria.

Kwenye kioo sitakawia. Ni kizito, kinakata watu, hakina bei, na nauli ya lori huimaliza faida kabla hujafika kiwandani. Ndiyo maana kimelala kila mahali.

Katoni ndizo zinazonipa kazi nyingi zaidi, kwa sababu zinanywa maji. Viwanda vya karatasi za chooni na vya trei za mayai hununua mwaka mzima, kwa hiyo mahitaji yake hayayumbi sana kama ya plastiki. Kinachoyumba ni upatikanaji wa katoni kavu. Mvua za masika zinapoanza Machi mpaka Mei, jaa linakuwa tope, malori yanakwama, na katoni zinaloa zikiwa bado barabarani. Anayeziweka chini ya paa wakati huo hupata bei nzuri. Na hapo ndipo ujanja huanza. Katoni ikiloa huongeza uzito, basi mtu anaweza kuimwagia maji kidogo katikati ya robota na kuacha nje pakavu. Mnunuzi wa kiwandani anajua. Nimemtazama mmoja akifanya kazi yake: haangalii juu kabisa, anapiga magoti, anasukuma mkono mpaka kiwiko katikati ya robota, anautoa, anaunusa, anaupangusa kwenye aproni, kisha anaandika asilimia ya kukata. Akishika unyevu mara moja, hukata kwa lori zima, na mwezi unaofuata hukata kabla hata ya kushika. Hivyo maji ya mtu mmoja yanalipwa na wote wanaoleta katoni kwenye yadi ile. Mimi sasa hupima zile za masika kwa mkono mbele ya mwenyewe, robota lote likifunguliwa, ili aliyeleta kavu alipwe kavu.

Sasa nirudi kwenye kuliwa, kwa sababu ningekosa uaminifu kama ningesema kila kitu ni mafuta na dola. Bei inapopanda kiwandani, hufika kwa mzoaji ikichechemea. Inaposhuka, hufika siku hiyo hiyo. Kati ya jaa na kiwanda kuna mnunuzi mdogo mwenye mizani ya kuning'iniza, kuna yadi kama yetu, kuna msagaji, na mara nyingine kuna broka mwingine anayeshika oda ya kiwanda tu bila kushika hata chupa moja. Kila mmoja anakata chake. Sehemu ya mkato huo ni gharama halali: chupa ya nusu lita ina uzito wa gramu kama 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa zisizopungua 50, na lori la chupa zisizokanyagwa limebeba hewa zaidi ya plastiki. Kuna mafuta ya lori, kodi ya uga, leseni za kaunti na za mazingira, mashine ya kufunga marobota. Lakini sehemu nyingine inatokana tu na kwamba muuzaji hana mtu mwingine wa kumuuzia.

Huo ndio upande wa mahitaji ambao haufundishwi vya kutosha. Watu wakisema "mahitaji" wanafikiria wingi wa bidhaa inayotakiwa. Mimi nimejifunza kuhesabu wanunuzi. Mahali penye mnunuzi mmoja, hata akihitaji mali kwa dharura, bei haipandi, kwa kuwa hana wa kushindana naye. Palipo na wawili wasiopatana, inapanda kabla jua halijazama. Mwaka mmoja ilifunguliwa mashine mpya ya kusaga si mbali nasi. Mwenyewe alikuwa amekopa pesa na mashine haingeweza kukaa bure, kwa hiyo aliongeza kidogo tu kwenye kila kilo. Wanunuzi wote wa eneo lile, na sisi tukiwemo, tulilazimika kupandisha ndani ya wiki. Mafuta hayakupanda duniani wiki ile. Shilingi haikuyumba. Aliongezeka mnunuzi.

Na deni ndilo linaloua ushindani huo kimya kimya. Kuna mabroka wanaomkopesha mzoaji mia tano mtoto akiugua, au kumpa gunia na buti, kwa sharti kwamba mali yote ailete kwake. Msaada ule ni wa kweli, na siku ile ya ugonjwa hakuna benki ambayo ingemsikiliza. Lakini tangu hapo hana soko. Anaweza kusikia kwamba yadi ya ng'ambo ya barabara inalipa zaidi, asiweze kuvuka. Nimekaa na akina mama waliokuwa wakilipa deni la namna hiyo mwaka mzima bila kujua limebaki kiasi gani, kwa sababu halikuandikwa popote. Kilichowatoa ni chama. Walianza kuchanga shilingi chache kila jioni, wakawa wanakopeshana wao kwa wao, na deni la mwisho la broka lilipolipwa wakakubaliana kuweka mali pamoja kwenye chumba kimoja cha mabati mpaka itoshe lori.

Kungoja huko ndiko kulikowabadilishia bei. Mtu mmoja hawezi kungoja, kwa kuwa anauza leo ili ale leo. Kundi linaweza kungoja siku kumi, na kwenye siku hizo kumi linaweza kupigia simu wanunuzi watatu. Tena lori lililojaa mali iliyochambuliwa halipitii kwa mnunuzi mdogo wala kwa broka wa oda. Linaingia kiwandani moja kwa moja, na ile mikato inayoliwa njiani inarudi kwenye chama. Mimi mwenyewe nilipoteza wateja wazuri walipoanza kufanya hivyo, na bado nawaelekeza wengine wafanye, kwa sababu nimeona nyumba zao.

Kuchambua ndiko kunakobaki kuwa silaha ya hata yule asiye na chama. Chupa zikichanganywa hulipwa bei ya iliyo duni zaidi kati yake. Zisizo na rangi hutafutwa kuliko zote, kwa sababu zinaweza kupakwa rangi yoyote. Za samawati hufuata. Za kijani na za kahawia kila mmoja anazipunguza. Vifuniko si plastiki ile ile na chupa, na ni rahisi kuthibitisha: tia vyote kwenye beseni la maji, chupa iliyokatwa vipande itazama, kifuniko kitaelea. Kwenye vyuma, sumaku ndogo ya spika mbovu inatosha kumlinda mtu, kwa kuwa chuma kitanaswa, alumini na kopa havitanaswa. Mzoaji aliye na sumaku mfukoni hawezi kuambiwa kwamba alumini yake ni chuma chepesi. Nimegawa sumaku nyingi kwa sababu hiyo.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kuchambua na chama havifiki. Mwaka 2018 China ilipoacha kupokea aina 24 za taka, na kudai kwamba zile inazokubali ziwe na uchafu usiozidi asilimia 0.5, karatasi na plastiki za nchi nyingi zilikosa pa kwenda na bei zikaanguka duniani. Mzoaji hodari kuliko wote wa Dandora hangeweza kuchambua hadi kuizuia hali hiyo. Soko linamlipa kwa plastiki peke yake. Halimlipi kwa mtaro ambao haukuziba, mafuriko ambayo hayakuingia mtaa wa Mukuru, ng'ombe ambaye hakumeza mfuko. Kazi hiyo anaifanya kila siku, iwe mafuta yako dola 20 au 120, na jiji linaipokea bila malipo.

Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 imeweka wajibu kwa anayezalisha chupa na vifungashio kubeba gharama ya kuvikusanya baada ya kutumika. Ni hatua kubwa, na nimehudhuria mikutano kadhaa kuihusu. Mazungumzo mengi huwa juu ya usajili, fomu na ripoti. Tunachodai sisi wa yadi na vyama vya wazoaji ni kwamba sehemu ya ada hizo ihesabiwe pale pale kwenye mizani, kwa kilo, juu ya bei ya siku, imfikie mzoaji kwa M-Pesa kwa jina lake mwenyewe. Na ilipwe hata mwezi ambao kiwanda hakina oda.